Wahandisi washauri Afrika Mashariki tuungane kabla ya zabuni

MHANDISI mwenzangu mmoja, mwenye ofisi ya vyumba vitatu mjini Moshi, alinionyesha barua miezi michache iliyopita. Barua hiyo ilimjulisha kwamba kampuni yake haikuingia katika orodha fupi ya washauri watakaoshindania usanifu wa skimu ya umwagiliaji. Sababu ilikuwa sentensi moja tu: kampuni haikuonyesha uzoefu wa kutosha wa kazi za aina hiyo katika kipindi cha miaka 10 iliyopita.

Alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi ya aina hiyo hiyo, tena katika wilaya ya jirani. Yeye na vijana wake ndio waliochimba mashimo ya kupima udongo. Ndio waliopima maji ya mto, kiangazi na masika. Ndio waliokaa na wazee wa kijiji hadi giza likaingia, wakiulizia nani ana haki ya mfereji upi na kwa siku gani ya juma.

Kampuni iliyoshinda zabuni ile ilitoka ng'ambo. Yeye alikuwa "mshauri msaidizi". Ripoti ilipochapishwa, kwa karatasi nzuri na picha za rangi, jina la kampuni yake lilikuwa kwenye kiambatisho cha mwisho.

"Uzoefu ulipanda ndege," aliniambia. "Mimi nimebaki na mabuti yenye tope."

Msomaji wa kurasa hizi ambaye ni mkulima au mfanyabiashara anaweza kuuliza mambo haya yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Mhandisi mshauri ndiye anayefanya upembuzi yakinifu, ndiye anayesanifu na kuandaa makabrasha ya zabuni, na ujenzi ukianza ndiye anayemsimamia mkandarasi kwa niaba ya mwenye mradi. Ada yake kwa kawaida ni asilimia chache tu ya gharama za mradi mzima, lakini kalamu yake ndiyo inayoamua fedha nyingine zote ziende wapi. Banio likichorwa mahali pasipostahili, mkandarasi atalijenga hapo hapo kwa saruji nzuri kabisa, na mkulima atalirithi kosa hilo yeye na wanawe.

Hoja yangu leo ni moja. Nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana kumtambua mhandisi anapovuka mpaka, lakini hazijakubaliana kuitambua kampuni yake. Na kwa kuwa zabuni kubwa haziombwi na mtu mmoja mmoja bali na kampuni, makubaliano yale yamekuwa kama leseni ya udereva mfukoni mwa mtu asiye na gari.

Lori halijui mpaka

Tuanze na barabara, maana ndiyo inayoeleweka kwa kila mtu. Barabara ya kutoka Arusha kupitia Namanga hadi Athi River ilijengwa upya kama mradi mmoja wa nchi mbili. Lori linalopakia vitunguu Arusha kwenda Nairobi linakanyaga barabara moja, kwa matairi yale yale na mzigo ule ule.

Lakini wasanifu wa pande hizi mbili wamekuwa wakifungua vitabu tofauti. Upande wetu tuna mwongozo wa usanifu wa tabaka za barabara wa mwaka 1999. Upande wa Kenya, mwongozo uliotumika kwa miaka mingi ulikuwa wa mwaka 1987. Isitoshe, Tanzania ni mwanachama wa SADC pia, kwa hiyo kwenye rafu zetu kuna na vitabu vya kusini.

Ipo kanuni ya makadirio ambayo wahandisi wa barabara duniani kote huitumia. Inasema kwamba madhara ya ekseli kwenye barabara hukua kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wake. Kwa lugha ya sokoni, ekseli ikizidisha uzito kwa asilimia 10, madhara hayaongezeki kwa asilimia 10, yanaongezeka kwa karibu asilimia 46. Ikizidisha kwa asilimia 20, madhara yanazidi mara mbili. Barabara iliyosanifiwa kuishi miaka 20 inaweza kuzeeka ikiwa na miaka 10.

Sasa fikiria nchi mbili zinazopakana, kila moja ikiwa na kiwango chake cha uzito. Lori lililo halali kwenye mzani wa huku linakuwa na kosa kwenye mzani wa kule, au vibaya zaidi, linakuwa halali kote wakati barabara moja ilisanifiwa kubeba mzigo mdogo zaidi. Ilichukua miaka mingi ya vikao hadi Jumuiya ikapata sheria moja ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, iliyoweka ukomo wa tani 56 kwa gari lenye ekseli saba. Sisi tulianza kuitekeleza mwaka 2019.

Kama kampuni za ushauri za nchi hizi zingekuwa zinasanifu pamoja tangu mwanzo, tofauti hiyo ingepigiwa kelele mapema na watu wanaoishi na matokeo yake. Mshauri anayekuja kwa miezi 18 na kuondoka hana sababu ya kupiga kelele. Anasanifu kwa mwongozo aliopewa, anapokea ada yake, na safari yake inaishia hapo.

Kuna na jambo la udongo. Ule udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka nyufa kiangazi, uko Shinyanga kama ulivyo katika nyanda za Athi na za Kano huko Kenya. Mhandisi aliyepata hasara nao mara moja hausahau. Anajua wapi auondoe wote na kuleta changarawe, wapi auchanganye na chokaa, na wapi njia ya kuokoa fedha ni kuuzunguka tu. Ujuzi huo haupatikani katika vitabu vya Ulaya, kwa sababu tatizo lao kubwa barabarani ni barafu. Uko kichwani mwa mafundi wakuu na wahandisi wa Kisumu, Mwanza na Nairobi, na wengi wao hawajawahi kukaa meza moja.

Moshi na Mwea

Mfano unaoniuma zaidi ni wa mpunga.

Skimu ya Lower Moshi ilikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ikitumia maji ya mito ya Rau na Njoro. Eneo lake lilikuwa takriban hekta 2,300, na humo hekta zipatazo 1,100 zilipangwa kwa mpunga. Kwa ujenzi ilikuwa kazi safi. Mabanio yalisimama, mifereji ilisakafiwa, majaruba yalisawazishwa. Mavuno yalipanda hadi tani sita na zaidi kwa hekta, jambo ambalo wakulima wa mpunga wa nchi hii walikuwa hawajaliona.

Kilichofuata hakikuwa kwenye michoro. Wakulima wa juu ya mabanio, waliokuwa nje ya mradi, waliona fedha ya mpunga kwa macho yao. Nao wakalima mpunga. Nani angewalaumu? Walikuwa na mashamba, walikuwa na mto, na sasa walikuwa na mbegu na ujuzi kutoka kwa majirani zao. Maji yakaanza kuishia juu. Miaka ya 1990 mifereji ya saruji ya mradi ilikuwa mingine mikavu wakati wa kupanda, na eneo la mpunga ndani ya skimu likapungua huku la nje likiongezeka.

Mhandisi asiye mkulima atasema hilo ni kosa la usimamizi wa maji, si la usanifu. Mimi nasema ni la usanifu pia. Ukisanifu skimu na ukahesabu maji ya mto kana kwamba watu wa juu watabaki wanalima mahindi milele, umesanifu nusu ya mradi. Hesabu ya maji ilipaswa kuwa na mstari mmoja wa ziada: tukifanikiwa, jirani atafanya nini?

Twende Mwea, katika Kaunti ya Kirinyaga. Skimu ile ni ya tangu miaka ya 1950, ilichimbwa kwa jasho la wafungwa wa wakati wa Mau Mau. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima waligombana na bodi iliyokuwa ikiwasimamia, wakaanza kuuza mpunga wao wenyewe. Pembezoni mwa skimu wakaibuka wakulima wa nje ya mradi, wale ambao wenyeji huwaita wa jua kali, wakivuta maji ya mifereji ile ile. Maji yakawa hayatoshi. Suluhisho kubwa lilikuja baadaye sana, Bwawa la Thiba, lililozinduliwa mwaka 2022.

Yaliyotokea Mwea miaka ya 2000 yalikuwa yameonekana Moshi miaka ya 1990. Si kwa kila kitu, maana historia za skimu hizi hazifanani, lakini ile tabia ya maji kumfuata jirani wa mradi ilikuwa ni ile ile. Kutoka Moshi hadi Mwea ni safari ya basi ya siku moja. Nani alikuwa na kazi ya kubeba somo hilo kulipeleka kule? Si mkulima, wala si ofisa wa wizara ambaye ana nchi yake ya kuhudumia. Kwa taratibu za kazi zetu, anayebeba somo kutoka mradi hadi mradi ni mhandisi mshauri, kwa sababu yeye huajiriwa leo hapa na kesho pale. Ndiyo maana anaitwa mshauri. Na kama huyo mshauri wa Moshi hawezi kufanya kazi Kirinyaga, basi somo linabaki Moshi.

Leo Tume ya Taifa ya Umwagiliaji ina miradi mingi ya kusanifu na kujenga nchini kuliko wakati wowote tunaoukumbuka. Ningependa kujua ni meza ngapi za wasanifu wa miradi hiyo zina mtu aliyewahi kufanya kazi Mwea au Ahero.

Mtu ametambuliwa, kampuni bado

Tuje sasa kwenye karatasi. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai mosi, 2010, na huduma za kitaaluma zimo katika maeneo saba ya huduma ambayo nchi ziliahidi kuyafungua. Desemba 2012 Kenya, Uganda na Tanzania zilisaini makubaliano ya kutambuana kwa wahandisi, na Rwanda ikafuata mwaka 2016. Mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa na bodi ya nchi yake anaweza kusajiliwa na bodi ya nchi nyingine bila kuanza upya mitihani.

Ilikuwa hatua nzuri na waliohangaikia makubaliano yale wanastahili sifa. Lakini angalia kinachotokea mhandisi huyo anapofika.

Kwanza anahitaji kibali cha kazi. Kenya, Uganda na Rwanda ziliondoleana ada ya kibali hicho kwa raia wao. Tanzania haikuwa katika mpango huo. Pili, hata akipata kibali, kampuni yake ni ya kigeni. Sheria ya wahandisi ya Kenya ya mwaka 2011 inataka kampuni ya kigeni, ili isajiliwe, iwe imeandikishwa Kenya na angalau asilimia 51 ya hisa zake zimilikiwe na raia wa Kenya. Kwa sheria hiyo, kampuni ya Moshi na kampuni ya Madrid ni wageni sawasawa. Sisi nasi, sheria yetu ya ununuzi wa umma ya mwaka 2023 imetanua upendeleo kwa kampuni za wazawa, na mzawa maana yake ni Mtanzania, si mwana Afrika Mashariki.

Sisemi upendeleo kwa wazawa ni mbaya. Bila huo, kampuni nyingi zisingekuwapo. Nasema kila nchi imejenga ukuta wa kumzuia mgeni kutoka mbali, ukuta ukamzuia jirani, na huyo wa kutoka mbali akaingia kwa mlango mwingine. Anaingia na mkopo. Fedha zikitoka nje, masharti ya zabuni hutoka nje, na masharti hayo hutaka mauzo makubwa ya mwaka na miradi mitatu au minne inayofanana na huo unaoshindaniwa. Kampuni ya watu 12 ya Moshi haina. Kampuni ya watu 30 ya Kampala haina. Wakijumlisha, huenda wanayo.

Hapa ndipo penye siri ambayo wengi wetu tunaijua lakini hatuitumii. Matangazo mengi ya zabuni za namna hiyo husema waziwazi kwamba uzoefu wa mshauri msaidizi hautahesabiwa wakati wa kuchuja kampuni. Uzoefu wa wabia huhesabiwa. Tofauti kati ya msaidizi na mbia ni saini. Mbia hutia saini kwamba atawajibika kwa kazi yote, pamoja na wenzake na hata peke yake wenzake wakikimbia. Msaidizi hulipwa kwa kipande chake na kwenda nyumbani.

Kampuni zetu hupenda usaidizi kwa sababu hauna hatari. Lakini ndio unaozifanya ziendelee kuwa ndogo. Miaka 20 ya kuchimba mashimo ya udongo kwa niaba ya wengine haikuandikishi popote kama msanifu.

Woga wa Mkenya

Najua baadhi ya wasomaji wameshaanza kunung'unika. Ushirikiano, watasema, ni jina zuri la kuwaruhusu Wakenya watumeze. Woga huo si wa kudharauliwa. Nairobi walianza mapema. Wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya mwaka 1963 na 1970, kazi ziligawanywa: sheria Dar es Salaam, udaktari Makerere, uhandisi Nairobi. Kitivo chetu cha uhandisi pale Mlimani kilifunguliwa mwaka 1973. Chama cha wahandisi washauri cha Kenya ni cha tangu mwaka 1968. Mtu aliyetangulia hivyo huwa na ofisi kubwa na orodha ndefu ya miradi.

Hali ya hewa nayo si nzuri. Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwamo kununua mazao shambani, na Kenya ikalalamika kwamba inakwenda kinyume cha Soko la Pamoja. Uhandisi haukuwamo katika orodha ile. Lakini siku ile kama ningekuwa na kampuni Nairobi na mtu akaniambia nikafanye ubia Arusha, ningesema ngoja kwanza.

Hata hivyo, tujiulize kwa haki: ni Mkenya aliyechukua kazi zetu kubwa? Tazama reli. Ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kubeba abiria mwaka 2017, imejengwa kwa viwango vya China na vichwa vyake vinatumia dizeli. Ya kwetu ilianza kubeba abiria mwaka 2024, ni ya umeme, na usimamizi wa ujenzi wake kutoka Dar es Salaam ulikuwa chini ya ubia ulioongozwa na shirika la reli la Korea Kusini. Upana wa reli zote mbili ni ule ule, milimita 1,435. Siku zitakapokutana, kichwa chetu cha umeme kitasimama pale nyaya zinapoishia. Hakuna Mkenya wala Mtanzania aliyeketi na mwenzake kuamua hivyo. Kila nchi ilichukua mfuko wake wa fedha na viwango vilivyokuja ndani ya mfuko.

Wala si kweli kwamba hatuwezi. Ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, ulisimamiwa na kitengo cha ushauri wa kihandisi cha Wakala wa Barabara, TECU. Ni jambo la kujivunia na liliwaziba wengi midomo. Ila nina dukuduku moja. Uzoefu ule wote umebaki ndani ya kabati la taasisi ya umma. Kampuni binafsi ya Kitanzania haiwezi kuuandika kwenye zabuni yake huko Kigali au Lubumbashi. Kama kampuni mbili tatu za wazawa zingekuwa ndani ya kazi ile kama wabia, leo zingekuwa zinatafutwa na nchi za jirani, na si wao kutafuta.

Kuhusu kumezwa, dawa yake inajulikana na wafanyabiashara wote: mkataba. Ubia unaweza kuandikwa kwamba kiongozi wa usanifu atoke nchi yenye mradi. Unaweza kuandikwa kwamba kila mtaalamu mkuu wa Nairobi awe na kijana wa Kitanzania pembeni yake anayetia saini mahesabu pamoja naye. Kwa zabuni nyingi za kampuni za mbali hatujawahi kupata sharti hilo na likatekelezwa. Kwa jirani tunaweza kulidai, kwa sababu na yeye kesho atatuhitaji upande wa Kusini, kwenye nchi za SADC ambako yeye si mwanachama.

Makosa yetu wenyewe

Nikiishia kuzilaumu serikali nitakuwa sijasema kweli. Wahandisi washauri wa ukanda huu tuna tabia ambazo hakuna itifaki itakayozitibu.

Tunauana kwa bei. Kampuni inashusha ada hadi mahali ambapo haiwezi kumpeleka mpimaji shambani hata mara mbili, halafu inanakili michoro ya mradi wa zamani na kubadilisha jina la mto. Tunakodisha wasifu: jina la mhandisi mzoefu linaingia kwenye zabuni, kazi ikipatikana anaonekana siku ya kukabidhiwa tu. Na tunadhulumiana. Nimewahi kufanya kazi na kampuni ya nchi jirani ambayo ililipwa na mwenye mradi, ikakaa na sehemu yetu kwa miezi 14. Wao pia, nina hakika, wana hadithi zao kuhusu sisi.

Mtu aliyeumwa hivyo hataki ubia tena. Afadhali awe msaidizi wa Mzungu au Mchina, anasema, kwa sababu malipo yanakuja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya vyama vyetu vya wahandisi washauri, cha hapa, cha Kenya, cha Uganda na vingine, si kuandaa kongamano jingine hotelini. Ni kuwa na utaratibu wa kusuluhisha madai ya wabia wao kwa haraka, na kumtaja kwa jina anayedhulumu. Mwanachama akijua kwamba deni la Kampala litamfuata hadi Dar es Salaam, atalipa.

Kazi ya bodi za usajili ni kuweka daftari moja la kampuni, kama walivyofanya kwa watu. Katika daftari hilo uandikwe uzoefu halisi, ukiwamo ule wa usaidizi, kwa uthibitisho wa mwenye mradi: nani alipima, nani alisanifu, nani alisimamia. Rafiki yangu wa Moshi angekuwa na ukurasa humo, na barua ile ingekuwa vigumu kuandikwa.

Na kazi ya serikali ni kuanza na miradi inayogharimiwa kwa fedha zao wenyewe, maana huko hakuna mkopeshaji wa kusingiziwa. Siyo lazima iwe mikubwa kama Rusumo, ambako Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana megawati 80. Ianze na midogo ya mpakani.

Ziwa Jipe ni mahali pazuri. Mto Lumi unatoka Kilimanjaro, unapita Taveta upande wa Kenya ukimwagilia ndizi na nyanya, unaingia ziwani ukiwa na tope lake. Ziwa lenyewe limekatwa na mpaka. Magugu yanalifunika, samaki wamepungua, na maji yanayotoka humo kwa Mto Ruvu yanakwenda Nyumba ya Mungu, ambako Watanzania wanavua na kuzalisha umeme. Ukisanifu mifereji ya Taveta bila mtu wa Mwanga, umemsanifia mtu wa Mwanga ukame. Ukizoa tope upande wa Mwanga bila kudhibiti mmomonyoko wa juu, umetupa fedha majini. Hakuna kampuni ya nchi moja inayoweza kuifanya kazi hii vizuri, na haihitaji mtu kutoka bara jingine.

Rafiki yangu amelifikiria hilo kabla yangu. Amepata mwenzake, mhandisi wa maji mwenye ofisi ndogo huko Voi, na wameandika mkataba wa ubia wa kurasa nne. Wamekubaliana nani atatia saini michoro, nani atashika akaunti, na nani atalipa mafuta ya gari upande upi wa Holili. Wamekwenda mara tatu ziwani kwa fedha zao wenyewe kupima kina cha maji.

Mwezi uliopita walikwenda kwenye ofisi moja kuulizia namna ya kuuandikisha ubia huo. Karani, kijana mwenye adabu, aliwapa fomu. Ina visanduku viwili, kampuni ya ndani na kampuni ya kigeni. Mpaka naandika makala haya hawajarudisha ile fomu, kwa sababu hawajajua waweke alama wapi.